Asimkaribie Mlalamikaji

Mdogo wangu alipompasua jirani yetu kichwa kwa chupa, mtaani kwetu Nyakasanza, Bunia, tribinali ilimpa kifungo, kisha ikakisimamisha. Sursis, ndivyo wanavyoiita: jela inabaki nje ya mlango, inakungoja ukosee. Juji alisoma masharti kwa Kifaransa, karani akayageuza Kiswahili. Asinywe pombe. Asilale nje ya kwao. Asitoke Bunia bila ruhusa. Asimkaribie mlalamikaji mahali popote, kwa sababu yoyote.

Nilitaka kucheka pale kwenye benchi. Ukitoa lile la mwisho, hayo ndiyo maisha yangu ya kushinda ndani, na hakuna aliyenihukumu.

"Yaya, weye walikufunga lini?" mdogo wangu aliniuliza tukirudi; yaya ni mimi, mkubwa wake.

"Siku nilizaliwa."

Tulitaniana hivyo hadi mtoto wa yule jirani alipokufa kwa malaria. Kwetu, vijana wa avenyu, wa njia moja ya mtaa, ndio wanaochimba kaburi. Asiyeonekana na jembe, watu wanasema amefurahi. Na tangu vita vya makabila vitulie, kusemwa umefurahia msiba wa watu wa kabila lingine, kama jirani huyu, ni jambo la kuchomewa nyumba.

"Ukienda watakufunga," nilimwambia. "Kwa sababu yoyote, hukusikia?"

"Juji haishi mu avenyu yetu, yaya."

Tukapanga achimbe mapema, aondoke kabla jeneza halijafika. Mimi, ambaye hata sokoni natuma watu, nikajipa kazi ya kuchunga njia ya makaburini.

Udongo ulikuwa na mawe, kazi ikachelewa. Niliposikia kwaya nilikimbia kumwonya, lakini kwa mbio za mtu anayeshinda kitini nilifika pamoja na jeneza. Wenzake walikuwa wamekwisha kupanda juu. Yeye alikuwa bado ndani, anasawazisha chini. Baba wa mtoto akasimama ukingoni, kovu lake linaonekana wazi kwenye paji la uso. Mdogo wangu akarudi nyuma, akarudi tena, hadi mgongo ukagusa udongo.

Kwaya ikanyamaza. Mlalamikaji alimwangalia sana.

"Toka," alisema polepole. "Mutoto wangu iko nangoja."

Tulimvuta kwa mpini wa jembe. Akapita upande wa pili, macho chini.

Yule baba hakurudi tribinali. Hakutusalimia tena pia. Kila pikipiki iliposimama nje, mdogo wangu alivaa viatu na kungoja kukamatwa. Muda wa masharti ulikwisha, na bado jioni hatoki. Tunakaa wawili nyumbani. Haniulizi tena nilifungwa lini.