Maji Yaliyochemka Kabla ya Mia

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha sayansi, katika sekondari moja huko juu migombani, nilikuwa mwalimu kwa mwili tu. Moyo ulikuwa Moshi mjini. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Kahawa ilikuwa imeshuka bei, na karibu kila niliyesoma naye alikuwa anauza mitumba au anapandisha wageni mlimani. Nilijipa mwaka mmoja, halafu niage.

Siku moja niliwapa kidato cha pili zoezi la kuchemsha maji: tumbukiza kipimajoto, subiri yatokote, andika nyuzi. Wote waliandika mia, isipokuwa msichana mmoja wa dawati la mbele. Yeye aliandika tisini na tano.

"Maji yanachemka kwa nyuzi ngapi?" nikamuuliza mbele ya wenzake.

"Kitabu kinasema mia, Madam. Ila mimi nimeona tisini na tano."

Darasa likaangua kicheko. Mimi hasira zangu ziko karibu, na nilidhani ananifanyia jeuri. Nikamwandikia sifuri kwa wino mwekundu, kisha nikamtuma akafyeke nyasi nyuma ya maabara.

Wiki iliyofuata tulipima joto la mwili. Nilipofika kwenye dawati lake nilikuta ameshaandika thelathini na saba, na kipimajoto kiko bado ndani ya kasha.

"Umepimaje?"

"Si ni thelathini na saba, Madam?" akajibu kwa adabu kabisa.

Adabu ile ilinichoma. Yule mtoto alikuwa na macho, na mimi nilikuwa nimemfundisha kuyafumba.

Baada ya vipindi nikawasha jiko la mafuta ya taa, nikachemsha maji peke yangu. Tisini na tano na ushee. Nikachukua kipimajoto cha pili, yale yale. Nikaona vyote viwili ni vibovu. Lakini swali halikuniachia, na Jumamosi nikashuka mjini kwa shangazi yangu, kipimajoto kimoja nimekiviringisha kwenye kanga.

"Mwanangu, leo umekuja kuipima chai yangu homa?" akanicheka.

Kwake maji yalitokota kwa tisini na saba.

Nikakaa juu ya ndoo pale jikoni. Kipimajoto ni kile kile, majibu mawili! Ndipo nikamkumbuka mama, aliyekuwa akisema kila siku kwamba maharage ya kwetu mlimani yanamaliza kuni kuliko ya shangazi, nasi tukidhani analalamika tu. Kwamba ukipanda juu hewa hupungua uzito na maji huchemka mapema, niliwahi kulijibu hilo kwenye mtihani wa chuo na nikapata vema. Sikuwahi kufikiri kwamba mlima wenyewe ni huu nilikozaliwa.

Likaja na wazo jingine, baya zaidi. Wale wengine wote nao waliona tisini na tano. Waliandika mia, na mimi nikawapa vema.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale, lile linalopandwa mipakani mwa vihamba, mashamba yetu ya migomba, na anayeletewa hakatai kusamehe. Mwalimu mwenzangu aliponiona nalo Jumatatu asubuhi alishangaa. "Mtu mzima anampelekea mtoto isale? Utawaharibu hao." Nikaingia nalo darasani hivyo hivyo.

"Wewe uliona sawasawa," nikamwambia yule msichana. "Mimi ndiye sikutazama. Nisamehe."

Hakuna aliyecheka. Alilipokea kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha. Niliogopa kwamba amelipokea kwa kuwa mila haimruhusu kukataa, na kwamba macho yake bado ameyafumba.

Nikawasha jiko tena, nikawaita wote waje karibu. Maji yalipotokota nikasoma kwa sauti, "Tisini na tano," na kuandika ubaoni. Kalamu zote zikainama, isipokuwa ya kwake. Alikuwa amesogea mpaka pua inakaribia kugusa kioo.

"Samahani, Madam," akasema. "Ni tisini na tano na nusu."

Nikainama kando yake, mvuke ukitupiga usoni. Nusu ilikuwepo. Sijawahi kufurahi kukosolewa kama siku ile. Nikafuta ubao, nikaandika upya, na ule mwaka mmoja niliojipa ukaisha nisikumbuke hata kuaga.