Makofi Niliyompigia Kabula

Juzi niliona roketi ikipaa kwenye simu ya mwanangu, nikakumbuka alasiri ile michembe ya viazi vitamu ikinukia jikoni, redio ikisimulia watu waliokwenda angani.

“Hao ndio mabingwa,” nilimtania dada Kabula, aliyeshinda mbio zote shuleni. “Wewe unatimua vumbi tu.”

Alicheka, akabeba chakula cha baba kwenda machimboni. Punde nikamwona akirudi mbio, peku, bila kanga kichwani. Nilidhani ananionyesha ubingwa wake, nikampigia makofi. Kumbe duara, lile shimo alimochimba baba dhahabu, lilikuwa limetitia, naye Kabula alikuwa anakwenda kuita watu wa kufukua.

Walifika na majembe jua likiwa bado kali.

Mwanangu anasema roketi imefika mbali mno. Baba alikuwa hapo hapo, chini ya miguu yetu, na hatukumfikia.