Mnyoo wa Mwisho

Kazi ya shangazi ukimweleza mtu anacheka: kuwatunza minyoo wazee. Minyoo wenyewe ni wa utafiti, wadogo kama nukta, wanaishi kwenye visahani vya plastiki, na ukitaka kuwaona vizuri lazima uinamie hadubini. Kila asubuhi aliwagusa mmoja mmoja kwa unywele wa kope uliogundishwa kwenye ncha ya kijiti. Akijikunja, yu hai. Asipojikunja, basi. Unywele ule ulikuwa wake mwenyewe, aliung'oa alipoanza kazi. Bado ulikuwa mweusi. Kope zilizobaki jichoni zilikwisha kuwa na mvi.

Mtafiti, kijana ambaye ndiye aliyeanza kumwita shangazi, alimweleza hivi: ndani ya kila seli mna protini inayokaa pembeni kama nyapara anayesinzia. Mnyoo akipashwa joto kidogo ujanani, nyapara anashtuka, anaingia kwenye kiini cha seli na kuziamsha jeni zinazoita mafundi. Huyu anyooshe kilichopinda, yule afagie taka. Ndiyo maana minyoo waliopashwa joto walichelewa kuzeeka.

"Kumbe shida nayo ni dawa."

"Ikiwa kidogo, shangazi. Ikizidi inaua."

"Hilo nalijua bila hadubini."

Visahani vikaisha kimoja baada ya kingine, akabaki mnyoo mmoja. Huyo akifa, chumba kinafungwa na shangazi anakwenda kupumzika. Apumzike na nani? Nyumbani hakuna wa kumwuliza ameshindaje. Kaka yake aliishi mtaa wa nyuma, naye peke yake kama kidole. Shangazi akipita pale hutazama dirisha tu. Pazia likiwa wazi hujiambia, mzima huyu, akapitiliza. Kubisha hodi aliogopa. Je, asipoitikiwa?

Basi hata mnyoo akaacha kumgusa. Alimchungulia, akaandika "hai", akafunika kisahani polepole kama anayemfunika mgonjwa.

Asubuhi moja mtafiti akainama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu.

"Shangazi, huyu umemgusa?"

"Nimemwona."

"Jana je?"

"Jana pia nilimwona."

Kijana akamwachia kiti. Shangazi akachukua kijiti. Akamgusa mkiani. Akamgusa kichwani. Mnyoo alikuwa amekauka kama uzi uliodondoka sakafuni.

"Sasa hatujui alikufa lini," mtafiti akasema, bila ukali. "Itabidi nimtoe kwenye hesabu."

"Kwa hiyo ni kama hakuwepo?"

Kijana akapiga mstari kwenye daftari. Yule aliyeishi kuliko wote, aliyependwa kuliko wote, ndiye hatahesabiwa.

Shangazi akaosha meza, akavua koti jeupe, akalikunja. Kijiti akakitia mkobani, hakuna aliyekiulizia. Njiani akafika kwenye lile dirisha. Pazia lilikuwa wazi. Miguu ilishazoea kupitiliza, ikapitiliza kweli, akairudisha. Akabisha hodi.

Kimya. Akabisha tena.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajaongea tangu kuamka.

"Mimi, kaka."

"Wewe? Nani amekufa?"

Shangazi akaegemea fremu ya mlango.

"Mnyoo," akasema.

Ndani zikasikika ndara zikiburutwa sakafuni, na komeo likaanza kuhangaika kutoka mahali pake.