Kidari cha Baba

Mbuzi wa Krismasi kwetu alikuwa wa baba kumpasua na wa sisi wengine kumla. Hivyo tu, miaka yote. Halafu baba akapooza mkono wa kulia. Kaka zangu wawili wakapiga simu kutoka Dar kwamba mwaka huu likizo hamna. Basi mimi, mtoto wa kike, nikashuka kwenye bodaboda Olmotonyi nikiwa nimetoka zamu ya usiku hospitalini, sijapita hata kwangu Sokon One kuoga.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Kisu kiko pale."

Hata chai, jamani!

Jirani alikuwa ameshamchinja mbuzi, akamning'iniza kwenye mparachichi, akaenda kushughulika na wa kwake. Mama alikuwa ametoa kiti cha baba sebuleni, na baba mwenyewe amekikalia, fimbo mkono wa kushoto. Nikamwambia tumwite yule wa buchani pale barabarani, nusu saa tu kazi imeisha, mimi nilale.

"Yule anatwanga na shoka," alisema. "Anachanganya kila kitu, huwezi kujua nani kapewa nini. Nyumba hii kila mtu ana fungu lake." Kisha akashusha sauti. "Siku yangu ikifika wataniitia huyo huyo. Nataka mtu mmoja humu ndani ajue, kabla sijaondoka."

Maneno ya kufa sikuyataka asubuhi ile. Wodini nilikuwa nimeacha ya kutosha.

"Baba, acha basi," nikasema, nikashika kisu.

Kuchuna alinifundisha kwa kelele. "Sukuma kwa ngumi! Kisu ni cha kuanzia tu, utatoboa ngozi!" Nikasukuma mpaka bega likafa ganzi. Kwenye nyongo akainuka nusu kutoka kitini. "Taratibu hapo. Ukiipasua, Krismasi tunakula dagaa." Nilipokwama kwenye paja akanicheka: "Watu unawashona, mbuzi anakushinda?"

"Watu hawaning'inizwi mtini, baba."

Akacheka kweli, kwa ule upande mmoja wa mdomo uliobaki. Akanionyesha kwa fimbo kwamba mguu wa mbele umeshikwa na nyama peke yake, hakuna kiungo cha mfupa, kisu kinapita bila kubishana. Nikapitisha, ukanibaki mkononi. Nakiri nilifurahi.

Akanitajia mafungu. Shingo ya jirani aliyechinja. Mgongo wa mama. Kidari cha mwenye nyumba, kizima, wala kisiguswe na panga. Nikaitikia kila fungu, ndiyo baba, ndiyo baba, huku nawaza kitanda. Mama akaja kumshika mkono kumpeleka chooni, na safari ya chooni siku hizo ilikuwa ndefu. Mimi nimebaki na mbuzi nusu, miguu imevimba, nzi wameanza kuja. Nikachukua panga. Nikakatakata yote kama wa buchani, nikajaza beseni.

Aliporudi akainama juu ya beseni muda mrefu.

"Kidari kiko wapi?"

"Nimechoka, baba! Nyama ni nyama!"

Nilipiga kelele. Mzee amesimama anatetemeka na fimbo yake, na mimi nampigia kelele. Mchana, mama alipopakua, baba aliviokota vipande vya kidari kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto, akavipanga sahanini mpaka umbo likarudi. Akaniita.

"Ona. Panga ulilipitisha hapa. Kisu kingepita hapa pembeni, penye gegedu. Ni laini, hata mtoto anaweza." Hakukasirika. Bora angenigombeza.

Krismasi nyingine hakuiona. Alituacha kabla mvua za masika hazijaanza.

Kaka zangu walikuja, safari hii likizo ilipatikana. Siku ya mazishi wakamwita yule wa buchani aje apasue mbuzi wa nyumbani. Nikamkuta chini ya mparachichi, shoka mkononi. Nilikuwa sijalala siku mbili.

"Ndugu, pole na kazi, lakini toka hapo."

Kaka mkubwa akafungua mdomo, mama akamtazama, akaufunga. Nikasukuma kwa ngumi. Nikatoa nyongo. Nikafuata viungo, na penye gegedu nikapitisha kisu kidogo polepole, kikaenda chenyewe. Kidari kikatoka kizima, hakina hata mkwaruzo.

Nikakiweka kwenye sinia, nikapita katikati ya waombolezaji mpaka sebuleni, kwenye kile kiti ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Nilikuwa nimeshapiga goti, nimeshasema, "Baba, hiki hapa," ndipo nikakumbuka.