Mama Alivyomlilia Kaka Akiwa Hai

Mhadhiri alitukuta Mugoma mwaka uleule tuliohamishiwa katika kijiji hicho cha ujamaa, kuta za nyumba zetu zikiwa bado mbichi. Alitoka chuo kikuu akitafiti lugha na mila, na begani alining'iniza redio ya kunasa sauti. Alikuwa ameambiwa kwamba hakuna anayejua kuomboleza kwa Kihangaza kama mama yangu.

Mama alikataa. "Kwetu mtu haliliwi bila maiti, mwalimu. Nimlilie nani?"

"Misibani hatuwezi kukunyamazisha," mwenyekiti wa kijiji akamtania, "leo unaombwa na mgeni wa serikali, unaringa!"

Kaka yangu alipenda mzaha. Akajilaza mkekani, akajifunika kanga ya mama mpaka usoni. "Haya mama, nimeshakufa. Nililie vizuri, nisikie."

Watu wakaangua kicheko. Mhadhiri naye akacheka, akabonyeza kitufe. Mama akaanza kuimba. Alimtaja kaka kwa jina, akaitaja migomba tuliyoiacha kule tulikohamishwa, akamuuliza nani sasa atamzika yeye. Machozi yalimtoka kweli. Alipomaliza, kaka aliibuka chini ya kanga akicheka, na kicheko hicho kikaingia kwenye kanda.

Vita na Uganda vilipoanza, kaka alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake. Hakurudi, wala mwili haukuletwa. Wanawake walijaa kwetu wakingoja mama aanzishe kilio. Alikaa kimya mpaka matanga yakaisha.

"Nilishamlilia, akanisikia," aliniambia. "Nitamlilia mara ngapi?"

Wengine walisema hana uchungu wa mwana.

Miaka ikapita, mhadhiri akaja tena, sasa akiitwa profesa. Alimwamkia mama shikamoo, akaketi, akasimulia kwa furaha kwamba kilio kile alikiandikia kitabu, na kila mwaka wanafunzi wake hukisikiliza. Hakuuliza habari za yule aliyelala mkekani. Nikamwambia mimi. Akasema pole.

Mama hakuwa na haja na kitabu. "Mwanangu anacheka pale mwisho," alisema. "Utaniletea nimsikie?"

Profesa alitazama viatu vyake. "Kile kicheko tulikifuta, mama. Kilikuwa kinaharibu kilio."

Mama aliniambia nimsindikize mgeni. Nilimfikisha barabarani. Alinipa mkono, nikaacha ukae hewani.