Mama wa Mwami kutoka Cimpunda

Yolande anakaanga sambaza pale mtaani Cimpunda, na kama hujaonja samaki wale wadogo kutoka mkononi mwake, pole zako. Wateja humzunguka kabla mafuta hayajachemka, naye huwatania wote bila kubagua, padri akiwemo. Ukimwona akicheka hivyo, haitakujia akilini kwamba mwanamke huyu aliwahi kuwa mke wa mwami, mfalme wa kimila.

Aliolewa huko milimani angali msichana, mke wa pili. Mke mkubwa alikuwa bado hajazaa, kwa hiyo Zagabe, mtoto wa Yolande, alipozaliwa, ngoma zilipigwa mpaka watu wakakosa usingizi. Mrithi amepatikana! Yolande akaanza kusalimiwa hata na wale waliokuwa wakimpita kama hawamwoni. Kabla mtoto hajaota meno, homa ikamchukua. Baadaye mke mkubwa akajifungua Hervé, urithi ukahamia kwake, na hakuna aliyemzuia Yolande alipofunga mizigo yake.

Mjini alianza upya, akajenga nyumba ya vyumba viwili, akaipenda. Hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Jambo moja tu lilimkereketa: kwa desturi ya kule, mrithi aliyekufa bila meno hatajwi tena, ni kama hakuzaliwa. Zagabe wake hakuwa na kinywa cha kumtaja ila cha mama yake.

Mwaka jana mwami mzee alifariki. Mke mkubwa alikuwa ametangulia, na mwami mpya, Hervé, hawezi kutawazwa bila mama kuketi kushoto kwake. Ndipo Muzee Floribert, mtaja majina ya wafalme, alipopanda Cimpunda na suti yake nzito, akihema.

"Maman, Mwami iko na lazima ya mama," alisema. "Ni weye tu ulibakia."

"Leo ndiyo munanikumbuka?" Yolande akageuza sambaza zake. "Sawa, nitakuya. Lakini ukitaja majina ya bamwami, utataja na Zagabe."

"Aa, maman! Ile mutoto hakukalaka pa kiti ya mwami!"

"Basi mutafute mama mwingine. Soko iko pale chini."

Muzee akaondoka amefura. Yolande akaziacha sambaza zikaungua, maana aliitaka siku ile ya kutawazwa kuliko alivyoonyesha, na sasa huenda ameiharibu mwenyewe. Kwa siku kadhaa hakumtania mtu. Kisha simu ikalia, na aliyeongea alikuwa Hervé mwenyewe.

"Maman, Zagabe alikuwa grand frère yangu, mukubwa wangu. Kama angeishi, mimi singekuwa mwami. Nimeshaongea na Muzee. Kuya."

Basi Yolande akaenda amejifunga kikwembe kipya, akaketi kushoto kwa Hervé mbele ya umati. Muzee Floribert akayataja majina tangu babu wa kwanza, na kila jina watu wakaliitikia kwa makofi. Alipofika kwa marehemu mwami akakohoa, akamtazama Hervé. Hervé akainamisha kichwa kukubali.

"Zagabe, mutoto ya Yolande!"

Makofi yakapigwa, hayakupungua hata kidogo. Hervé akamwinamia Yolande sikioni.

"Maman, sasa niko mutoto wako wa pili."

Yolande akalia kwa furaha mbele ya mlima mzima, wala hakujifuta machozi.