Bolti ya Upande Gani

Mapema mwaka huu, muuzaji wa bunduki aliye Nairobi aliniuliza kwa simu swali ambalo mtoto wa chekechea hulijibu bila kufikiri: wewe ni wa mkono gani? Nilikuwa nimesimama kwenye veranda ya nyumba yangu, nyuma ya soko la Kakamega. Niliitazama kalamu niliyoishika. Ilikuwa katika mkono wa kulia. Nikamwambia nitampigia baadaye.

Nina miaka arobaini na tatu. Kazi yangu imekuwa kuandika habari za kaunti hii: mikutano ya wakulima wa miwa, kesi za mashamba, mabomba ya maji yasiyokuwa na maji. Nimezoea kuuliza mtu jambo dogo na kumsubiri hadi ajibu. Sasa nilikuwa nimeulizwa mimi, na bunduki niliyokuwa nikiitafuta kwa karibu mwaka mzima ilitegemea jibu hilo.

Klabu ya kulenga shabaha iko mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Nilikwenda mara ya kwanza kuandika habari ya wanawake wawili waliokuwa wamejiunga. Habari ilitoka, nami nikarudi tena bila daftari. Nilipenda ule utulivu: unalala kifudifudi kwenye mkeka, unatoa pumzi nusu, na kwa sekunde mbili hakuna chochote duniani ila duara jeusi. Kwa miaka miwili nilitumia bunduki ndogo ya klabu, ile ambayo risasi yake ni nyembamba kuliko kalamu na pini huigonga ukingoni. Kisha mkufunzi wetu akasema nimefika mahali pa kununua yangu, tena ya risasi kubwa, ambayo pini huigonga katikati ya kitako, inayoweza kufika mita mia mbili bila kuyumbishwa na kila kijiupepo.

Mkufunzi ni sajenti mstaafu aliyefunza makuruti kwa miaka mingi. Huongea polepole na hapendi kurudia. Alinishauri nichukue ile inayoitwa mbili-mbili-tatu, kwa kuwa haimrudishi mtu nyuma kwa nguvu na risasi zake hazikosekani madukani. Fundi mmoja wa kiwanda cha sukari, ambaye ni mwanachama wa siku nyingi, alimsikia akanicheka.

"Dada, hiyo ni ya kufukuza nyani kwa mahindi. Nunua tatu-sifuri-nane. Nunua bunduki!"

"Wewe na hiyo yako," mkufunzi akamjibu bila kugeuka, "ukipiga unafumba macho yote mawili. Nimekuhesabu."

Vijana wa klabu nao walikuwa na yao, ya sita na nusu, na kila mmoja alikuwa na video kwenye simu ya kunithibitishia. Nilirudi nyumbani nikachora safu kwenye daftari: uzito, urefu wa mtutu, umbali, risasi zinapatikana wapi. Kurasa nne zilijaa. Nilikuwa nimechanganyikiwa, lakini kwa namna ninayoijua. Ni kama kuwa na mashahidi wengi wa ajali moja. Baada ya miezi mitatu nikaamua: mbili-mbili-tatu, mtutu mzito. Chifu alikuwa ameshaniandikia barua ya kuombea leseni. Sanduku la chuma la kuitunzia bunduki lilikuwa limeshafungwa ukutani. Nilidhani kazi imekwisha.

Ilibaki bolti. Bunduki nyingi za shabaha hazijilishi risasi zenyewe. Baada ya kila mlio unainua kishikio cha bolti, unakivuta nyuma, ganda linaruka, unakisukuma mbele, unakishusha. Kishikio hicho huwa upande wa kulia. Anayelenga kwa bega la kushoto huagiziwa ya upande wa kushoto kutoka ng'ambo, husubiri miezi, na ikishaingia nchini kwa jina lake hawezi kuirudisha kama viatu visivyomtosha. Nilikuwa nimepita kwenye mstari wa bolti katika daftari bila kusimama. Nilikuwa wa kulia. Nani asiyejua hilo?

Mkufunzi alikuwa hajui. Jumamosi moja, siku chache kabla ya ile simu ya Nairobi, aliniambia ninyooshe mikono yote miwili, nitengeneze kitundu kati ya viganja, nitazame kigingi cha mwisho cha uwanja kupitia kitundu hicho. Halafu nifumbe jicho moja, kisha jingine. Nilipofumba la kushoto, kigingi kilitoweka.

"Jicho lako kuu ni la kushoto," akasema. "Nilijua tangu mwaka jana. Kwa nini unafikiri nilikubandikia seloteepu kwenye kioo cha kushoto cha miwani?"

"Ulisema ni ya kupunguza mwanga."

"Kwa bunduki ndogo haikuwa na maana kubwa. Sasa unanunua yako."

Akanilaza kwenye mkeka, bunduki ndogo kwenye bega la kushoto, miwani bila seloteepu. Nilipiga kumi. Matundu yote yangefunikwa na kizibo cha soda. Nikahamia bega la kulia nikapiga kumi nyingine, nazo zingehitaji kikombe. Lakini kwa upande wa kushoto mikono ilikuwa kama ya mgeni. Niliangusha risasi mara tatu. Niliitafuta triga kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba ya watu.

"Ulizaliwa mkono gani?" mkufunzi akauliza.

"Wa kulia."

"Nani alikuambia?"

Hilo ni swali langu. Nimeliuliza watu wengi kabla yake.

Aliendelea kunisomea mashtaka. Kwamba nakusanya maganda kwa mkono wa kushoto. Kwamba geti nalifungua kwa wa kushoto. "Nimefunza makuruti wengi wa namna yako. Mtu anaandika kwa kulia, anakula kwa kulia, lakini ukimrushia kitu ghafla anadaka kwa kushoto." Hapo hapo akanirushia ganda tupu. Nililidaka kwa mikono yote miwili, kifuani.

"Hiyo haisaidii," akasema.

Nilijua alichokuwa akikizunguka. Kwetu, mtoto anayepeleka mkono wa kushoto kwenye obusuma, ugali wetu, hachekewi. Mkono huo haupokei kitu kutoka kwa mkubwa, wala hausalimii. Nyumba nyingine huupaka pilipili, nyingine huufunga kitambaa mpaka usahau. Hakuna anayeliandika jambo hilo mahali. Likishafanikiwa, linakuwa kama halikutokea, na yule aliyefanyiwa hukua akiamini alizaliwa hivyo. Kama nilifungwa mkono, basi bunduki yangu ni ya kushoto na huu mkono wangu wa kulia ni wa kufundishwa. Kama sikufungwa, ni jicho tu lenye matatizo yake, na seloteepu ingetosha. Sikutaka kukisia. Nilikwenda Shinyalu kumuuliza mama.

Alikuwa ameketi nje ya jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Umekuja na habari ya bunduki," alisema kabla sijaketi.

"Nani alikuambia?"

"Wewe ndiye mwandishi. Tafuta." Akatupa jiwe dogo. "Mwanamke mzima. Unataka kumpiga nani?"

"Karatasi, mama."

"Karatasi imekukosea nini?"

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kwa hiyo nikaona ni wakati mzuri. Nilimuuliza nilikuwa nikitumia mkono gani nilipokuwa mdogo. Vidole vyake vilisimama juu ya maharagwe.

"Wa kulia. Wewe hukunisumbua."

"Hukuwahi kunifunga huo mwingine?"

"Nikufunge, kwani wewe ni ng'ombe?"

Akaingia jikoni. Alirudi na chai, akakiweka kikombe upande wangu wa kushoto, akageuka kwenda, kisha akarudi akakihamishia upande wa kulia. Sijui kama huo ni ushahidi. Anaweza kuwa alifanya hivyo kwa sababu upande wa kushoto palikuwa na ungo. Niliandika tu kwenye daftari nilipofika barabarani: kikombe, kushoto, kulia, ungo.

Chanzo kimoja hakitoshi. Wiki iliyofuata nilikwenda karibu na Butali kwa senje, dada ya marehemu baba, aliyeishi nasi nikiwa mtoto. Anakaa kando ya barabara ya matrekta ya miwa, na mazungumzo naye husimama kila trekta linapopita. Nilimuuliza swali lile lile kwa maneno yale yale. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.

"Ulikuwanga unakula na kushoto kama mtu amekulipa!"

"Mama anasema la."

"Mama yako alikuwa hospitali na mtoto mchanga. Alikaa huko sana. Wewe ulibaki na mimi."

"Kwa hiyo nilizaliwa wa kushoto."

"Nani amesema? Ulizaliwa wa kulia, vizuri kabisa. Uliungua uji. Mkono huu." Akaushika wa kulia, akaugeuza. "Tukaufunga kitambaa. Ukakula na kushoto mwezi mzima, na ulipopona ukakataa kurudi. Ndiyo ukafungwa huo mwingine."

Trekta likapita. Nilisubiri kelele zake ziishe.

"Nani aliufunga, senje?"

Aliangalia miwa iliyokuwa ikidondoka barabarani. "Ile nyumba ilikuwa na watu wengi," akasema. Halafu akauliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa hiyo bunduki, hakuna yenye kushika katikati?"

Nina alama laini kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ndogo kama harage. Mama amekuwa akisema ni ya tetekuwanga. Usiku sikufanya kitu. Asubuhi nilikaa mezani nikapanga maelezo yao kama ninavyopanga ya mashahidi. Mama na senje wanakubaliana kwamba nilizaliwa wa kulia. Senje na mkufunzi wanakubaliana kwamba mkono wa kushoto ulifungwa. Mama na mkufunzi hawakubaliani juu ya lolote, na hawajawahi kuonana. Ikiwa senje anasema kweli, nimekuwa wa kulia, kisha wa kushoto, kisha wa kulia tena, yote kabla ya kujua kuhesabu. Mkono upi hapo ndio wangu? Nilipoanza kupanga nilikuwa na shaka moja. Nilipomaliza nilikuwa na tatu.

Mkufunzi hakupendezwa na uchunguzi wangu. Alimwomba fundi wa kiwanda bunduki yake kubwa, yenye bolti ya kulia, akanilaza tena. Kwa bega la kushoto matundu matano yalikaa pamoja, ingawa kila mlio ulinilazimu kupitisha mkono juu ya bunduki kukifikia kishikio, kama anayefunga dirisha la jirani. Kwa bega la kulia, bila seloteepu, mawili hayakuonekana kwenye karatasi kabisa. Fundi alikwenda kuyatafuta, akarudi mikono mitupu.

"Yamekwenda Uganda," akasema.

"Jicho halifungwi kitambaa," mkufunzi aliniambia tukikusanya mikeka. "Agiza ya kushoto. Mkono utafundishika. Miezi sita."

"Na kama ni wa kulia kweli?"

"Mwandishi, risasi haijali ulizaliwaje."

Ana haki ya kusema hivyo. Yeye anatazama matundu. Lakini nilipofika nyumbani nilijaribu kushika kijiko kwa mkono wa kushoto, peke yangu, na nikaona aibu kana kwamba mlango uko wazi. Nilikiweka chini. Ikiwa ningeagiza ya kushoto, ningekuwa nimesema, kwa karatasi yenye muhuri na jina langu, kwamba kuna kitu kilifanyika kwetu, na mama ameshasema hakikufanyika. Ikiwa ningechukua ya kulia, iliyokuwa tayari dukani Nairobi ikisubiri, ningepiga shabaha maisha yangu yote nikiwa na seloteepu kwenye jicho linaloona vizuri zaidi.

Muuzaji alipiga tena. Alikuwa na adabu. Alisema anakusanya maagizo ya ng'ambo na atayapeleka mwisho wa mwezi. Nikikosa orodha hiyo, inayofuata ni mwakani. "Madam, nahitaji neno moja tu," akasema. "Kushoto au kulia." Nilimwomba siku chache.

Siku iliyofuata mama alinipigia. Huwa hapigi, hubipu na kusubiri. Hakuuliza habari za watoto wala za mvua. Aliuliza kama senje alikuwa mzima, nikajua wameongea. Nilimweleza, kwa utaratibu, kwamba sikuja kumlaumu mtu, kwamba nataka tu kujua bunduki ipi inanifaa, na kwamba kwa ninavyoona sasa nitaagiza ya kushoto.

Nilisikia kuku wakigombana nyuma yake.

"Hiyo ya kushoto," akasema mwishoni, "ukishaiagiza, inaweza kubadilishwa?"

"Haiwezi, mama."

"Basi ngoja kwanza."

Nilimuuliza ningoje nini. Akasema salio lake linaisha, akakata. Imebaki siku nne mwezi uishe. Nimempigia mara mbili. Anapokea, ananisalimia, ananiuliza kama nimekula, na bado hajaniambia ningoje nini.